Apu za pensheni binafsi: tuambieni mnakata ngapi kwa mwaka, kwa namba moja!

Wadau, nimekasirika na sifichi. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Sina mwajiri wa kuniwekea akiba, kwa hivyo uzee wangu naupanga mwenyewe: elfu tano kila mwezi kwenye mpango binafsi wa pensheni, ule wa kujichagulia mfuko kwenye simu. Juzi nimeketi kulinganisha ada za mipango minne, nijue kama nibaki nilipo au nihame. Nimeshindwa, na tatizo si hesabu. Kila kampuni imeandika ada yake kwa kipimo chake, na kipimo chenyewe kimechaguliwa ili ada ya kwao ionekane ndogo.

Ukienda soko la Kibuye kununua mahindi unauliza bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Muuzaji wa kwanza anakutajia, wa pili anakutajia, na kabla hujafika kwa wa tatu ushajua nani ghali. Kwa pensheni, pesa za maisha yetu yote, hakuna gorogoro. Mmoja anasema "1.5% kwa mwaka", mwingine "3% ya mchango", mwingine "shilingi 50 tu kwa mwezi", na wa nne anaapa kwamba hakati chochote.

Nianze na kampuni niliyomo. Stetimenti yangu ya 2024 ina mistari minne: salio la mwanzo 486,200, michango 60,000, mapato 41,380, salio la mwisho 587,580. Basi. Hakuna mstari wa ada. Nikapiga simu huduma kwa wateja, dada wa watu kwa upole akaniambia "ada zote zimeshajumuishwa". Nikamuuliza, zimejumuishwa ngapi? Akanitumia kijitabu cha matangazo, cha wazee wawili wanacheka ufukweni. Niliposisitiza kwa barua pepe ndipo ukweli ukatoka: 1.5% ya meneja wa uwekezaji, 0.5% ya msimamizi wa mfuko, 0.2% ya benki inayotunza mali, halafu gharama za wadhamini na wakaguzi wa hesabu "kadiri zitakavyokuwa". Hizo za mwisho ziache kwanza. Zinazojulikana ni 2.2%.

Sasa sikieni vizuri, hapa ndipo wengi wanapopigwa. Hiyo 2.2% haikatwi kwenye faida. Inakatwa kwenye chungu chote, yaani salio zima, kila mwaka, faida iwepo isiwepo. Salio langu mwaka ule lilikuwa kwa wastani kama 530,000. Asilimia 2.2 ya hapo ni zaidi ya 11,600. Hiyo ni michango yangu ya miezi miwili na chenji juu. Tena faida kabla ya makato ilikuwa kama 53,000, maana yake wamechukua zaidi ya moja ya tano ya kila kilichozalishwa na pesa yangu. Na kwenye stetimenti hakuna hata mstari mmoja unaolitaja hilo. Mtu akinikata elfu kumi na moja dukani bila risiti, mngeniambia niende polisi.

Kampuni ya pili inatoza 3% ya kila mchango unaoingia, mara moja tu, na baada ya hapo kiasi kidogo sana kwa mwaka. Ukiangalia haraka unakimbia, kwa sababu 3 ni kubwa kuliko 1.5. Piga hesabu. Shilingi mia uliyoiweka leo ukaiacha miaka 20 ikikatwa 1.5% kila mwaka, ada imekula karibu 26% ya kile ambacho ungekuwa nacho. Ile ya mara moja imekula tatu. Kwa hiyo hiyo "kubwa" inaweza kuwa ndogo sana kwa mtu wa miaka 30, na ikawa mbaya kwa mtu aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu. Nani kati ya mawakala wanaotuzungukia mjini amewahi kumweleza mteja hivyo? Mimi sijamsikia.

Hiyo ya shilingi 50 kwa mwezi sina maneno mengi nayo. Kwa mwenye laki tano ni kitu kidogo. Kwa anayeweka mbao (shilingi 20) kwa siku, yaani 600 kwa mwezi, ni zaidi ya asilimia 8 ya mchango wake. Na matangazo yao yanalenga huyohuyo wa mbao.

Ya nne ndiyo imeniwasha zaidi. Ni mfuko wenye dhamana, wa kampuni ya bima: mtaji wako hauwezi kupungua, na mwisho wa mwaka wanatangaza riba. "Ada sufuri", wameandika kwa herufi kubwa. Ukweli ni kwamba kampuni inawekeza, inavuna, inatoa chake kwanza, halafu inakutangazia kilichobaki na kukiita riba yako. Februari 2024 serikali ilitoa hati fungani ya miundombinu yenye riba ya 18.46%. Sisemi mfuko wote ulikuwa humo, wana hati za zamani zenye riba ya chini na lazima waweke akiba ya kufidia miaka mibaya. Hilo naelewa, na dhamana ina bei yake. Lakini bei hiyo ni ngapi? Mmevuna ngapi, mkabakisha ngapi? Kama kampuni haiwezi kulijibu hilo kwa sentensi moja, iondoe neno "sufuri" kwenye mabango yake.

Kuna kitu kingine kinachonikera kuhusu hao mameneja wa 1.5%. Takriban nusu ya pesa za pensheni Kenya iko kwenye hati za serikali. Tangu 2023 kuna DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu wa kununulia hati hizo. Mimi mwenyewe kwa simu yangu nanunua hati fungani ya serikali kuanzia 50,000 na Benki Kuu hainitozi komisheni. Sasa nusu ya chungu changu ambayo meneja ameinunulia hati zilezile, ananitoza 1.5% kila mwaka kwa kazi gani hasa? Kwa hisa na majengo nitamlipa, huko kuna kazi. Kwa hati inayokaa hadi iive, aje anieleze.

Najua jibu la wakala: "Lakini kuna msamaha wa kodi." Ni kweli, na ni msamaha mzuri. Tangu 27 Desemba 2024 mchango hadi 30,000 kwa mwezi unatolewa kwenye mapato kabla ya kodi, zamani ilikuwa 20,000. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara anafaidi. Ila sisi wenye maduka tulio kwenye kodi ya mauzo tunakatwa kwenye mauzo ghafi, hakuna cha kutoa gharama wala mchango wa pensheni. Wakala anayekuja Kondele kutuuzia pensheni kwa hoja ya msamaha wa kodi bila kuuliza unalipa kodi gani, anatudanganya.

Dada yangu ni muuguzi Uingereza. Ana pensheni ya kujisimamia huko, na nilipomlalamikia alinitumia picha ya ukurasa wa ada ya Vanguard, kampuni ya uwekezaji anayoitumia: 0.15% kwa mwaka, na tangu Januari 2025 mwenye chini ya pauni 32,000 analipa pauni 4 kwa mwezi. Juu ya hapo kuna ada ya mfuko wenyewe, nayo imeandikwa pembeni yake. Hata huko mdogo ameumizwa: mwenye pauni 3,200 sasa analipa 1.5%, mara kumi ya kiwango cha kawaida. Sisifu. Ila dada yangu alijua kwa dakika mbili kwamba ameumizwa, akaanza kutafuta pa kuhamia. Na kwa pensheni za kazini kule, mfuko anaowekwa mtu ambaye hakuchagua una kikomo cha ada cha 0.75% tangu Aprili 2015. Mimi hapa imenibidi nibembeleze kwa barua pepe nipewe namba ambayo bado haijakamilika.

Mnaosema asilimia mbili ni kitu gani, chukueni kikokotoo. Elfu tano kwa mwezi, miaka 25. Mmoja anabaki na 10% kwa mwaka baada ya makato, mwingine 8%. Wa kwanza anastaafu na karibu milioni 6.63. Wa pili, milioni 4.75. Tofauti ni karibu milioni 1.9, na michango yenyewe kwa miaka yote hiyo ni milioni 1.5. Yaani hizo asilimia mbili zimebeba zaidi ya kila shilingi aliyoitoa mfukoni mwake.

Ninachotaka kutoka kwa RBA, mamlaka ya serikali inayosimamia pensheni Kenya, si kikubwa. Wanaandikisha mipango hii na kupokea hesabu zake. Walazimishe kila mpango binafsi uandike jumla ya makato yote kwa namba moja, kama asilimia ya chungu, wadhamini na wakaguzi wakiwemo, na kwenye stetimenti ya kila mwanachama kuwe na mstari unaosema kwa shilingi: mwaka huu tumekukata kiasi hiki. Mifuko ya dhamana iandike ilivuna ngapi na ikabakisha ngapi. Halafu RBA iziweke namba hizo kwenye jedwali moja ambalo mtu wa Kondele au Kakamega analisoma kwa simu. Barua yangu kwao nimeshaiandika, naituma wiki hii.

Naomba msaada wenu kabla sijaituma. Aliye na stetimenti yenye mstari wa ada aiweke hapa, jina na namba ya uanachama zikiwa zimefichwa, na aseme ni mfuko wa aina gani. Aliyewahi kuhama mpango mmoja kwenda mwingine aseme alikatwa ngapi kuondoka na pesa ilichukua muda gani kufika. Na wewe wakala unayesoma kimyakimya, namba yako ni ngapi?