Upele umeingia nyumba nzima, dawa ya kupaka ya BBE inachoma, nifanyeje?

mvuvi_wa_mwanga: Wakuu habarini, niko Kigoma mjini. Dogo karudi likizo toka bweni na vipele katikati ya vidole na kiunoni, sisi tukasema joto tu hili, sasa hivi mimi, mama watoto na katoto ka miezi nane wote tunajikuna, usiku ndo balaa hakulaliki. Duka la dawa wamenipa BBE, dogo kapaka mara moja kagoma anasema inaunguza. Jirani mfugaji ananambia nichukue ivermektini (dawa ya kuua minyoo na wadudu) ya sindano ya ng'ombe ninywe kidogo, eti inamaliza. Kuna aliyejaribu?

dawa_baridi: Ya ng'ombe achana nayo kabisa mkuu! Dawa ni hiyohiyo ila ile imekolezwa kwa ajili ya mnyama, kipimo cha kukisia kinaweza kukulaza. Ya binadamu ni vidonge, hivyohivyo wanavyogawa kwenye kampeni ya matende na mabusha, vinapigwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 3, halafu unarudia baada ya wiki moja au mbili kwa sababu haiui mayai ya utitiri, yaani wale wadudu wa upele. Mjamzito hapana, na mtoto chini ya kilo 15 hapana, kwa hiyo katoto kako hakahusiki. Kapeleke kliniki, kuna krimu ya permethrini asilimia 5 au mafuta ya salfa, na kwa mtoto mdogo hivyo unapaka mpaka kichwani, usiruke isipokuwa macho na mdomo. BBE ya asilimia 25 usimpake, kwa watoto huwa inapunguzwa nguvu.

mama_wawili_ujiji: Nyie mnapaka kwa zamu ndo maana. Wote siku moja, hata ambaye hajikuni, na dada wa kazi, kuanzia shingoni mpaka nyayo, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Mashuka na nguo chemsha, zisizofulika funga kwenye mfuko siku kadhaa, wadudu wakikosa mwili hawamalizi siku nyingi. Mimi bweni la wanangu siliamini tena, likizo ikifika begi linafunguliwa nje uani 😂

mvuvi_wa_mwanga: Asanteni sana. Ila mimi nilipaka vizuri juzi na bado nawashwa, si ina maana imefeli?

dawa_baridi: Hapana, muwasho unaweza kukaa wiki mbili mpaka nne hata wadudu wameshakufa, ni mwili unapambana na mabaki yao. Meza setirizini (dawa ya mzio) usiku, usiendelee kurudia BBE kila siku kuzidi ulivyoelekezwa, utajichubua bure. Ukiona vipele vipya baada ya huo muda hapo ndo urudi. Af zile krimu za kulainisha muwasho zenye steroidi wanazouza kiholela msipake, vipele vinafifia machoni huku utitiri unazaliana. Vikianza kutoa usaha ni hospitali moja kwa moja, bakteria wakiingia humo madhara yake yanaweza kufika mpaka figo.

mvuvi_wa_mwanga: Sawa mkuu, Jumamosi wote wako nyumbani, tunapaka siku hiyo. Katoto kesho asubuhi kliniki.

mama_wawili_ujiji: Na mwambie mwalimu wa bweni, la sivyo dogo anarudi nao tena muhula ujao.