Kamba wa tangini wanaokwama kujivua gamba: tupeane uzoefu

Asalaam alaykum jamani. Tunaofuga hawa kamba wekundu wadogo, Neocaridina, njooni. Kwangu hapa Fuoni wanakufa mmoja mmoja, na kila anayekufa ana pete nyeupe pale kichwa kinapoungana na mwili. Gamba limekatika mduara mzima badala ya kufunguka mgongoni, naye hatoki. Kwenu vipi?

Wa Wete: Unatumia maji gani? Huku tunakinga ya mvua. Ni safi, lakini hayana kalsiamu wala magnesiamu, na gamba jipya linataka vyote viwili. Masika, tangi likijaa mvua tupu, pete hizo hazikosi. Siku hizi nachanganya na ya kisima mpaka ugumu wa maji, yaani wingi wa madini hayo, usome digrii 6 hadi 8.

Wa Fuoni: Ya dumu, ya kununua, yaliyochujwa.

Wa Wete: Basi hayo na ya mvua ni ndugu, yakhe.

Wa Jambiani: Sie huku chokaa tele, kisiwa chenyewe jiwe la matumbawe. Kinachoniulia kamba ni maji mengi kwa mpigo. Ukitoa nusu tangi ukajaza maji tofauti, wanajivua kabla ya wakati. Usiku ule ukimulika tochi unawaona wanajikunja na kujinyoosha, huyu katoka kwa mruko mmoja, yule miguu imenasa na wenzake washaanza kumdonoa. Sasa natoa kidogo kidogo, na maji mapya yanaingia kwa mpira wa dripu, tone kwa tone.

Wa Mkoani: Mie kalsiamu naipata kwa mfupa wa dome, yule ndugu wa pweza, nautia tangini. Pwani unaokotwa bure, unauchemsha tu.

Wa Jambiani: Kwenye maji magumu hauyeyuki sana huo. Na magnesiamu usiitegemee humo.

Wa Wete: Halafu magamba matupu msiyatoe! Mtu anadhani kamba kafa, anatupa. Waachieni, wanayala wanarudisha madini. Na dawa ya samaki yenye shaba isiingie kabisa, shaba ni sumu kwao.

Wa Fuoni: Ahsanteni. Leo naanza kuchanganya ya kisima, pole pole. Nina jike kabeba mayai, akijivua sasa hivi itakuwaje?

Wa Mkoani: Yanaondoka na gamba, bi. Kwa hiyo huyo usimshtue, maji yabadilishe kikombe kikombe mpaka aangue.

Wa Fuoni: Mimi mwanamme, lakini nimekusikia.