Napenda kupiga picha, napenda na kudizaini. Lazima nichague? Naombeni ushauri

Rangi Mbili (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Mimi ni msanii, nilianza na kuchora kwa mkono, siku hizi muda wangu wote unaishia kwenye kamera na kompyuta. Kupiga picha nakupenda, kudizaini mabango na majalada nako nakupenda. Kila ninayemwonyesha kazi ananiambia nichague moja, eti mshika mawili moja humponyoka. Mimi nikiangalia kazi zangu sioni mpaka uko wapi. Picha nyingi napiga huku kichwani nishajua maandishi yatakaa wapi. Kwa mliopita njia hii, mlichagua? Na mteja mnamwambia ninyi ni akina nani?

Kivuli
Usichague. Rodchenko, msanii wa Urusi, alikuwa mchoraji, akashika kamera, na lile bango lake maarufu la vitabu la 1924 limejengwa juu ya picha ya mwanamke aitwaye Lilya Brik, ambayo Rodchenko aliipiga mwenyewe. Herbert Matter naye, mdizaini wa Uswisi, miaka ya 1930, alitengeneza mabango ya utalii ya Uswisi kwa kuunganisha vipande vya picha, uso mkubwa mbele, milima nyuma. Sijasikia mtu akibishana kama hao ni wapiga picha au wadizaini.

Mzee wa Chapa
Historia sawa, ila mteja hasomi historia. Mimi niko kwenye uchapaji. Naletewa kazi za "wanaofanya vyote" na nyingi zina ugonjwa mmoja: picha nzuri, dizaini nzuri, vikikaa pamoja vinagombana. Mtu kajaza fremu mpaka pembeni, halafu kichwa cha habari kinaenda kukaa usoni kwa mwanamitindo! Wewe unaona maandishi kabla hujabonyeza, basi hicho ndicho unachouza. Usijitangaze fundi wa kila kitu. Sema hivi: "Nadizaini mabango, na picha zake napiga mwenyewe." Mteja kashaelewa.

Fonti Nene
Naongezea ya kiufundi, maana ndiko wengi wanakokwama. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera) ili ubaki na nafasi ya kurekebisha mwanga bila kuharibu rangi. Bango la A3 kwa DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi) linataka pikseli kama 3508 kwa 4961, yaani megapikseli 17 na ushee. Ukikata nusu ya picha yako, piga hesabu upya. Nembo na maandishi yabaki vekta, yaani michoro isiyopoteza ubora ukiikuza. Halafu skrini ni RGB (mwanga mwekundu, kijani na bluu), mashine ya kuchapa ni CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi): ile bluu inayowaka kwenye kompyuta itafifia kwenye karatasi. Geuza kazi iwe CMYK mapema uione, kabla mteja hajaipenda.

Rangi Mbili
Mzee wa Chapa, sentensi yako naichukua kama ilivyo. Fonti Nene, hapo kwenye bluu umenigusa, kazi zangu karibu zote ni bluu. La mwisho: kwenye kuonyesha kazi, picha na dizaini nizitenganishe?

Kivuli
Hapana. Weka bango, chini yake weka ile picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Watu waone ulikotoka na ulikofika.

Mzee wa Chapa
Hiyo waonyeshe wasanii wenzako. Mteja akiiona atakuomba umpe picha tupu, maandishi ataweka mpwa wake.