Distributa ya Land Rover Series III: kuitia oili palepale, kuing'oa, au kuweka elektroniki?

Mteremko_SIII: Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe njia tatu za kuihudumia distributa ya Lucas (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda) kwenye injini ya petroli ya lita 2.25: kuitia oili ikiwa palepale, kuing'oa na kuisafisha yote, au kuondoa pointi (swichi ndogo ya ndani inayofunguka na kufunga ili cheche itoke) na kuweka elektroniki. Gari langu linawaka vizuri na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, ila nikipanda mlima mzunguko ukiongezeka halina nguvu.

Fundi_Petroli: Anza na oili palepale, maana ni kazi ya dakika chache. Toa kifuniko na rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti. Kama distributa yako ni modeli ya 25D4 utaona skrubu juu ya shafti. Usiifungue, dondoshea hapo matone mawili ya oili nyepesi, nayo itapenya yenyewe. Kama ni 45D4, lowesha kipande cha felti kilichopo mahali hapo. Kisha paka kemu (sehemu ya shafti yenye pembe zinazosukuma pointi) grisi nyembamba sana, kwa sababu kisigino cha pointi kikisuguana na chuma kikavu hulika, mwanya wa pointi hupungua, na cheche huchelewa. Grisi ikizidi hurushwa hadi kwenye pointi, ambazo hazitakiwi kuguswa na mafuta hata kidogo. Malizia kwa kupima mwanya: milimita 0.35 hadi 0.40.

Dada_Injini: Nakubaliana na Fundi, lakini oili haitibu bushi (pete inayoshikilia shafti) iliyolika. Sukuma shafti kwa pembeni. Ikicheza, mwanya utatofautiana kati ya silinda na silinda, na hapo kuing'oa hakukwepeki. Elektroniki huvumilia mchezo huo kuliko pointi, tena haina kisigino cha kulika, ndiyo maana naipendelea kwa gari la safari ndefu. Hata hivyo wengi wakishaifunga hawafungui tena kifuniko, ilhali vizito na springi zinazowahisha cheche ni zilezile za zamani, na bado vinahitaji oili.

Mteremko_SIII: Asante, dada. Nimeizungusha rota kwa mkono kuelekea upande wake wa kuzunguka kisha nikaiachia, nayo inabaki pale pale bila kurudi.

Fundi_Petroli: Basi vizito vimeganda, na ndiyo sababu ya kukosa nguvu mlimani: cheche haiwahi kadiri mzunguko unavyopanda. Kwa hali hiyo nisingenunua elektroniki kwanza. Weka alama kwenye mwili wa distributa na mahali rota inapoelekea, ing'oe, osha sehemu ya vizito kwa mafuta ya taa, ikaushe vizuri, kisha tia tone moja la oili kwenye kila egemeo. Ukikuta springi moja imelegea na nyingine imekaza, usizivute ili zilingane, kwani zimetengenezwa tofauti kwa makusudi.