Ushauri: Baba mkwe kaomba picha ya kauboi ya kisasi, nimuwekee Once Upon a Time in the West?

Mkwe wa Korogwe

Wakuu, salaam.

Ijumaa baba mkwe anashuka Dar kwa ajili ya matibabu ya macho, na atakaa kwetu mpaka amalize. Mzee ni mstaafu wa reli. Tamthilia hataki, mpira hataki. Kwenye simu kaniambia jambo moja tu: "Mwanangu, nitafutie picha ya kauboi, ya mtu kulipa kisasi, lakini iwe ya watu wazima. Sitaki hizi za kuruka sarakasi."

Nimeshusha Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, ya Mwitaliano Sergio Leone. Steringi ni Charles Bronson, adui ni Henry Fonda. Juzi usiku nimeiangalia kwanza mwenyewe, na muziki wake haujanitoka kichwani hadi sasa. Ila nina wasiwasi.

Mwanzo wake unachosha. Majambazi watatu wanasubiri treni kwenye kituo cha mbao zaidi ya dakika kumi, karibu hakuna mazungumzo. Inzi anatambaa kwenye ndevu za mmoja, maji yanamdondokea mwingine kichwani. Mke wangu alipita sebuleni akauliza kama bando limekata. Nafikiria kurusha mbele mpaka treni ifike. Halafu kuna familia nzima inauawa, pamoja na mtoto mdogo, na wajukuu zake watakuwa hapo hapo. Na kubwa kuliko yote, kuna eneo la kitandani. Mimi na baba mkwe, kochi moja. Mnanielewa.

Niiweke au nitafute nyingine? Nikiiweka, niruke wapi? Mkitaka kuzungumzia mwisho toeni tahadhari, tusiwamwagie mtama ambao hawajaiona.

Kipanga Mzee

Mkuu, ukiruka ule mwanzo bora uzime televisheni mlale.

Huyo mzee kafanya kazi reli. Kusubiri treni anakujua kuliko wewe na mimi. Mwekee sauti kubwa umwache. Pale Leone hajaweka muziki kabisa, kaacha kinu cha upepo kisichopakwa mafuta kikilia kwiiii, kwiiii, mashine ya telegrafu ikigonga mpaka jambazi mmoja anaing'oa waya kwa hasira, matone ya maji, na inzi. Yule wa inzi ni Jack Elam. Anamtega kwenye mtutu wa bastola, anaziba tundu kwa kidole, anakaa anamsikiliza akivuma humo ndani. Huyo ni muuaji anayejiburudisha kabla ya kazi, na hujaambiwa neno lolote.

Treni inakuja, hashuki mtu. Wanageuka kuondoka, ndipo kinanda cha mdomo kinasikika upande wa pili wa reli. Bronson anauliza kama wamemletea farasi. Wanacheka, wanasema inaonekana wamepungukiwa farasi mmoja. Anawajibu wamezidisha wawili. Hesabu hiyo haikuingii vizuri kama hukukaa nao wale jamaa watatu muda wote ule.

dogo_wa_mabibo

Na mie niseme ukweli wangu ingawa wazee watanirarua. Nilianza mara ya kwanza nikasinzia, sikuimalizia. Saa mbili na dakika 45! Watu wanatazamana machoni kama wamekosana mirathi. Kila mtu anasema ni bora kuliko zote, ila ukimuuliza kwa nini anakwambia muziki. Muziki si nitausikiliza peke yake?

Mtafutie mzee For a Few Dollars More, 1965, Leone huyo huyo. Lee Van Cleef anamsaka mtu kwa ajili ya dada yake, Clint Eastwood yumo, inachangamka, na kisasi kinaeleweka.

Kipanga Mzee

Dogo, nayo ina mke na mtoto mchanga wanaouawa kwa amri ya adui, El Indio. Kama tatizo la mkuu ni wajukuu, hujamsaidia. Picha za Leone si za watoto, tukubaliane hilo kwanza.

Binti Chake

Mkwe wa Korogwe, hilo la kitandani ndilo swali la maana, hao wengine wanakuzungusha.

Mie nimeiona zaidi ya mara moja, na lile eneo hunichafua roho hata nikiwa peke yangu. Huyo Jill, Claudia Cardinale, mzaliwa wa Tunis, kafika kutoka New Orleans kwa mumewe McBain, kakuta maiti zimelazwa kwenye meza zilizoandaliwa karamu ya kumpokea yeye. Kisha aliyeua ndiye anayekuja kulala naye, na yeye anakubali ili abaki hai. Watu husema ndiye mwanamke mwenye nguvu kuliko wote kwenye picha za kauboi. Nguvu anazo. Lakini tazama ni wanaume wangapi wanamshika bila kuulizwa, na karibu na mwisho yule jambazi Cheyenne anamshauri kwamba mfanyakazi akimpiga kofi la makalio ajifanye halikutokea. Hiyo ilinitoa katika picha kabisa.

Sasa adabu. Huwezi kukaa na baba mkwe mkalitazama lile. Linakuja kabla ya mnada wa shamba. Ukiona Frank, yule adui wa Fonda, kampiga teke gongo yule tajiri mlemavu wa reli, jua limekaribia. Hapo unakumbuka chai. Unamwambia "Baba, nikuletee chai," unasimamisha picha, ukirudi nayo unasogeza mpaka mnadani. Hatauliza. Wazee hawaulizi mambo hayo.

Mkwe wa Korogwe

Shikamoo mama. Hilo la chai nalichukua kama lilivyo. Watoto nitawalaza mapema. Bado huo mwanzo, nimeanza kulegea.

Binti Chake

Marahaba. Sukari umuulize kabla.

Njoro wa Ruiru

Wazee, wacha niongeze kitu kuhusu yule mtoto, juu watu wengi hukosa kuona venye hiyo kitu imepangwa.

Henry Fonda alikuwa mtu mzuri kwenye sinema zaidi ya miaka 30. Aliigiza Lincoln kijana mwaka 1939. Ndiye yule mzee wa baraza anayesimama peke yake kutetea kijana kwenye 12 Angry Men, 1957. Alipofika kwa Leone alikuwa amefuga masharubu na kuweka lenzi za rangi ya kahawia machoni ndio akae mbaya. Leone akamwambia atoe zote. Alitaka yale macho ya buluu.

Sasa angalia. Familia ya McBain imekwisha, mtoto wa mwisho ametoka mbio nje amesimama. Watu wanatoka vichakani na makoti marefu. Kamera inakuja nyuma ya mkubwa wao, inazunguka polepole, unaona uso: ni Fonda. Anatabasamu. Kuna uwezekano amwache mtoto, sivyo? Mmoja wa watu wake anauliza, "Tumfanye nini huyu, Frank?" Basi. Kwa sababu jina limetajwa, mtoto hawezi kuishi. Yaani kijana anauawa na mdomo wa mjinga.

Hiyo usiruke hata kidogo. Ukiiruka, kuanzia hapo kisasi chote hakina uzito, Frank atakuwa tu mzee mtanashati mwenye kofia.

Chuma cha Pua

Mimi nawashangaa mnaipeleka kwenye kisasi tu. Kwa mstaafu wa reli picha hii ni ya MAJI.

Kwa nini McBain kauawa? Alinunua jangwa watu wakamcheka. Lakini ndipo penye kisima, na injini ya mvuke bila maji haiendi popote. Reli inayotoka mashariki ilikuwa lazima ipite hapo, na mkataba wake unasema kituo kiwe kimejengwa njia itakapofika, la sivyo haki inapotea. Mzee kama aliwahi kuziona injini za mvuke atalishika hilo kabla yako, na atakueleza mengine usiyoyajua. Yule Morton, mwenye kampuni, anaoza mifupa, hatembei bila magongo, anaishi ndani ya behewa lake na anataka aione bahari ya Pasifiki kabla hajafa. Tazama anavyofia. Sisemi zaidi.

Kwangu mimi ndiye mhusika wa kusikitisha kuliko wote, na hakuna anayemlilia.

mtoto_wa_kibanda_umiza

Mimi ninalo lalamiko moja na sijawahi kupata jibu. Woody Strode! Huyu ndiye aliyepigana na Kirk Douglas kwenye Spartacus, mwanamichezo, mmoja wa weusi waliofungua tena mlango wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mwaka 1946. Leone anampa dakika za mwanzo, anakinga maji kwa kofia na kuyanywa kwenye ukingo wake, uso unaweza kuuchonga kinyago. Halafu anakufa kabla ya picha kuanza. Ningependa niione picha nzima ya huyo bwana.

Kipanga Mzee

TAHADHARI: NAZUNGUMZIA MWISHO. Mkwe wa Korogwe wewe umeshaiona, soma. Wengine rukeni.

Wanaosema kisasi chake hakieleweki, kinafichwa makusudi. Kila Frank akimuuliza "Wewe ni nani?", Harmonica, yaani Bronson, anamtajia majina ya watu. Wote marehemu, wote Frank kawaua. Huku na huku tunaonyeshwa mtu anakuja kutoka mbali, picha imefifia, hatumtambui. Kila ikirudi inakaribia kidogo.

Na katikati hapo Morton kawahonga watu wa Frank wamuue bosi wao. Harmonica anamwokoa! Jill anamjia juu, umemwokoa huyu? Anamjibu kwamba hakuwaacha wamuue, na hilo ni jambo jingine. Kwangu hapo ndipo penye picha yote. Hataki Frank afe. Anataka Frank ajue.

Wanaposimama kwenye duara la mwisho, ndipo ile picha iliyofifia inasimama sawa: ni Frank kijana, na mbele yake mtoto kambeba kaka yake mabegani chini ya tao la mawe, kamba shingoni mwa kaka. Frank anamchomeka mtoto kinanda mdomoni. Magoti yakichoka, kaka kafa. Kaka mwenyewe anamsukuma mtoto kwa mguu ili yaishe. Baada ya risasi Frank bado anauliza wewe ni nani, na Harmonica hasemi, anamchomeka kile kinanda mdomoni. Yale macho ya buluu yakiutambua ule uso, sijui mwigizaji mwingine angefanyaje.

dogo_wa_mabibo

Haya, nimesoma hata baada ya tahadhari. Hiyo nzito, nakubali. Ila bado mnamfanya Harmonica malaika. Huyu si alimpeleka Cheyenne, rafiki yake, kwa sherifu achukue dola 5,000 za zawadi ndio anunulie shamba pale mnadani? Kama Cheyenne asingetoroka kwenye treni angeishia jela. Na shamba lilikuwa la Jill, hakuombwa ushauri. Jamaa anamtumia kila mtu kufikia jambo lake moja, halafu anapanda farasi anaondoka.

Binti Chake

Leo dogo kasema neno. Mtu wa kisasi hana nafasi ya mwingine moyoni, na picha yenyewe inajua hivyo, ndiyo maana hakai. Anayebaki ni Jill, anawapelekea maji wajenga reli.

fundi_sabufa

Mnabishana uzuri lakini hakuna aliyemuuliza ameshusha toleo gani. Mkuu, angalia urefu wa faili. Marekani haikufanya vizuri ilipotoka, Paramount wakaikata karibu dakika 20. Ufaransa waliionyesha ndefu wakajaa ukumbini, tiketi zaidi ya milioni 14. Ukikuta saa mbili na dakika 25 hivi, hiyo ni ya kukatwa, itafute ya saa mbili na dakika 45. Mzee wa watu asikose eneo kwa sababu ya bando.

Sauti sasa. Ennio Morricone aliandika muziki kabla ya kupiga picha, na Leone aliupiga pale pale waigizaji wakiwa kazini watembee nao. Wahusika wakuu wanne kila mmoja ana wimbo wake. Jill akitoka kituoni Flagstone, kamera inapanda juu ya paa na ile sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso inapanda nayo, hapo spika za televisheni zitakuaibisha. Chomeka sabufa. Ila besi uipunguze, kinanda cha Harmonica kinakwaruza juu huko, besi ikizidi unakipoteza. Na kama macho yanamsumbua mzee, yale maandishi ya chini yaongeze ukubwa, uyaweke njano.

Mkwe wa Korogwe

Ni saa mbili na dakika 44 na sekunde kadhaa, nadhani ndiyo yenyewe. Nimeamua: Jumamosi usiku, watoto wamelala, sirushi chochote isipokuwa la chai. Maandishi ya njano nimeyaweka sasa hivi, wife kasema yanaonekana hadi jikoni.

Swali la mwisho. Akipenda, ya pili niweke ipi? Ya kisasi lakini isiwe ya Leone, asije akaona nina flashi ya mtu mmoja.

Chuma cha Pua

Unforgiven, 1992. Clint Eastwood kaongoza na kuigiza mwenyewe, kazeeka, anaanguka kwenye matope akifukuza nguruwe, farasi hata hapandiki. Ilichukua Oscar ya picha bora. Mzee atajiona.

Binti Chake

Hiyo nayo inaanzia danguro, mwanamke anakatwa uso kwa kisu. Andaa birika kubwa.