Samaki mmoja akioza, wote wameoza? Kuhusu kulaumu dini nzima kwa sababu ya wanaoua kwa jina lake

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, habari zenu. Siku zote huwa nasoma na kupita, leo imebidi niandike.

Mimi ni muuguzi, na ni Mkristo. Wiki iliyopita tulikuwa chumba cha wauguzi, televisheni iko kwenye habari, wanaonyesha mahali palipolipuliwa bomu. Viatu vimetapakaa barabarani, majeruhi anabebwa juu ya mlango uliong'oka. Mwenzetu mmoja, Mwislamu, alikuwa amesimama pembeni anakunja mashuka. Mkubwa wetu wa zamu akatazama televisheni, akamgeukia yeye, akasema: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hebu tuambie, nyinyi mna nini?"

Yule dada hakujibu. Alimaliza kukunja shuka alilokuwa nalo, akalaza pembe zake kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine, akatoka. Nami nilinyamaza. Tumefanya kazi pamoja miaka minne, na amenishikia zamu mara nyingi mwanangu akiumwa.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba moyoni sikuwa na hakika kama mkubwa amekosea. Hawa watu wanaua huku wanamtaja Mungu, wananukuu maandiko. Nitasemaje kwamba dini haihusiki? Nikigeuza upande wa pili nakwama pia: yule dada kafanya nini? Nijibuni ukweli, sihitaji kubembelezwa. Nawasilisha.

Mtunza_Kumbukumbu:

Karibu sana dada. Nianze na swali: kipimo hicho mkubwa wako anakitumia kwa kila mtu?

Aprili 19, 1995, jengo la serikali lililipuliwa Oklahoma City, wakafa watu 168. Saa za mwanzo midomo ya wengi ilikuwa kwa watu wa Mashariki ya Kati. Aliyekamatwa ni Timothy McVeigh, askari wa zamani wa Marekani aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki. Sikumbuki muuguzi yeyote Mkatoliki akiulizwa "nyinyi mna nini". Julai 22, 2011, Breivik aliua watu 77 nchini Norwe, akijiita mtetezi wa Ulaya ya Kikristo. Hapo pia, walutheri wa Norwe walipewa pole. Hakuna aliyewataka maelezo.

Ila mfano ninaotaka ukae nao ni wa India. Oktoba 31, 1984, Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili, Masingasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh. Wawili tu. Siku zilizofuata makundi ya watu yalipita nyumba kwa nyumba yakitafuta kila mwenye kilemba. Wanaume walivuliwa vilemba, wakakatwa nywele, wakachomwa moto wakiwa hai. Serikali yenyewe ilihesabu zaidi ya watu 2,700 waliouawa katika jiji la Delhi peke yake. Wale waliobeba mafuta ya taa hawakujiona wauaji. Walijiona wanadai haki, kwa hesabu ile ile ya samaki.

Sina_Kona:

Mkuu hapo juu, kuhusu Delhi nakuunga mkono. Mfano wa McVeigh umeulazimisha. Yule alikuwa na chuki na serikali yake, hakuua kwa jina la Kanisa. Ukitaka mifano ya kweli ipo: Joseph Kony aliteka maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda huku akidai anataka nchi itawaliwe kwa Amri Kumi. Yigal Amir alimpiga risasi Waziri Mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, Novemba 1995 akaja kujitetea kwa hoja za dini ya Kiyahudi. Na nchini Myanmar mtawa wa Kibudha, Wirathu, alihubiri chuki dhidi ya Waislamu miaka mingi kabla Warohingya, Waislamu wa huko, zaidi ya 700,000 hawajakimbilia Bangladesh mwaka 2017. Dini ambayo dunia nzima inaisifu kwa upole!

Sasa dada, umeomba ukweli. Mimi sikubaliani na wanaosema "hawa si Waislamu kabisa" au "Kony si Mkristo". Huko ni kukimbia swali. Wanatoka ndani ya dini zetu, wanatumia maneno yetu, na wengine walikaa mikekani na kwenye mabenchi pamoja nasi. Maandiko yana sehemu ngumu, na wapo wahubiri waliozichukua wakazinoa kama kisu. Kuuliza habari za mahubiri hayo si chuki, na asiwepo wa kutuziba mdomo.

Lakini lawama ina njia yake ya kupita. Nani alihubiri? Nani alichanga pesa? Nani alijua akaficha? Hao wana majina na mahali wanapolala, wafuatwe mpaka mwisho. Ukisema "dini nzima" unawapunguzia mzigo wao, maana mzigo ukigawanywa kwa watu zaidi ya bilioni moja, fungu la yule aliyelipa pesa ya bomu linakuwa punje. Na anayekunja mashuka anajikuta amebebeshwa sawa naye.

Hiyo methali nayo, watu wanaitumia bila kuifikiria. Inasema samaki wa tenga moja, waliolaliana, wanaambukizana uozo kwa kugusana. Waislamu wa Senegal na wa Indonesia ni tenga gani hilo?

Ummu_Yusra:

Amani iwe kwenu. Sikutaka kuchangia, maana mjadala huu nimeuchoka mpaka kwenye mifupa. Ila ile habari ya shuka imenishika. Mimi nilikuwa nasafisha ubao wa darasa siku nilipoambiwa maneno kama hayo. Niliendelea kuusafisha hata ulipokwisha kutakata.

Dada yangu, unauliza dini inahusika vipi. Sisi tulianza kugombana na watu hawa kabla karne yetu ya kwanza haijaisha. Makhawarij, kundi lililojitenga na Waislamu wenzao zama zile za mwanzo, walikuwa wanasali, wanafunga, wanaisoma Qur'ani kuliko wengi, na kauli yao ilikuwa kwamba hukumu ni ya Mungu peke yake. Kila asiyekubaliana nao walimtoa kwenye Uislamu, kisha damu yake ikawa halali. Mwaka 661 mmoja wao alimpiga kwa upanga Imam Ali, mkwe wa Mtume, katika msikiti wa mji wa Kufa, Iraq, alfajiri. Kwa hiyo anayeniambia "mbona hamuwakemei" ningependa ajue tumewapoteza wakubwa wetu mikononi mwao. Septemba 2014 wanazuoni zaidi ya 120 walimwandikia Baghdadi, kiongozi wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu, barua ya wazi, wakampinga hoja kwa hoja kwa maandiko yale yale anayoyatumia. Sijui mtu aliyeniuliza kuhusu kukemea ambaye alikuwa amewahi kuisikia barua hiyo.

Na wanaokufa ni kina nani? Peshawar, Pakistan, Desemba 2014, watoto zaidi ya 130 ndani ya shule yao. Mogadishu, Oktoba 2017, lori moja, wafu zaidi ya 500. Mwezi uliofuata, Sinai, Misri, zaidi ya 300 waliuawa katika msikiti mmoja, Ijumaa, wamekuja kusali. Tunazikwa nao na tunaulizwa kwa niaba yao.

Sina_Kona, kuhusu kutokimbia swali uko sawa, nami huwa nawaambia ndugu zangu hivyo hivyo. Kama kuna mhubiri mtaani anawatia vijana sumu, sisi ndio wa kwanza kumsikia, basi tuwe wa kwanza kusimama. Hilo nalipokea kama wajibu. Hatia siipokei. Qur'ani, sura ya 6 aya ya 164, inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na ninyi katika Ezekieli sura ya 18 mna maneno ya namna hiyo hiyo, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Jambo moja zaidi. Desemba 21, 2015, al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakaamuru Waislamu wakae upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Wakawaambia wenye bunduki: tuueni wote au tuacheni wote. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi pale, akafa mwezi uliofuata. Angalia amri yenyewe: kugawa watu kwa dini. Kundi lililojiita Dola la Kiislamu liliandika mapema 2015, katika jarida lake, kwamba linataka kulifuta eneo la kijivu ambamo Mwislamu na asiye Mwislamu wanaishi pamoja. Mkubwa wako wa zamu hakushika bunduki, na najua si mtu mbaya, pengine aliogopa tu. Lakini mle chumbani aliwagawa kwa mstari ule ule.

Zamu_ya_Usiku:

Nimewasoma wote, Ummu_Yusra nimekusoma mara tatu. Ahsanteni. Sina_Kona, umenisaidia kuona kwamba naweza kuuliza maswali magumu kuhusu dini, yao na yetu, bila kumfanya mtu aliye mbele yangu kuwa mshtakiwa.

Jana tulipangwa pamoja tena. Nilimfuata stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikamwambia nisamehe, siku ile nilinyamaza. Aliniangalia muda, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Mji ule uliokuwa kwenye televisheni, mdogo wake wa kiume anasoma huko. Alikuwa amempigia tangu asubuhi hampati. Aliposikia maneno ya mkubwa alikuwa anajiambia amalize kwanza shuka lililo mkononi, ndipo atoke akajaribu simu tena.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama ana mtu kule.

Mdogo wake mzima, alipatikana usiku ule. Jumatatu tuko zamu moja, sisi wawili na mkubwa, na wale wale waliokuwepo siku ile. Nimeshapanga nitakachosema, na nitakisema mbele yao.