Huyu wakala wa tiketi wa "wapi na wapi" atanijua nikirudi Dar!

Mama Wawili Segerea:

Wakuu, naandika nikiwa uwanja wa ndege wa Doha, chini ya lile dubu kubwa la njano lenye taa kichwani, na nisipolisema hili sasa hivi nitapasuka watu waje kunizoa.

Jina simtaji. Sina haja. Mnamjua. Yule yule wa miwani ya kahawia, ofisi ghorofani Kariakoo, ngazi nyembamba mpaka upande ubavuubavu, kila Jumatatu anapandisha stetasi ya bawa la ndege na mawingu utafikiri yeye ndiye rubani. Nusu yenu humu amewakatia tiketi, nusu nyingine mnamdai.

Huyu bwana leo kanitumia ujumbe wa sauti kuhusu launji, kile chumba cha mapumziko cha uwanja wa ndege, kaniambia: "Mama, kwani wewe na launji wapi na wapi?"

WAPI NA WAPI. Mimi!

Binti yangu yuko Houston, kajifungua, naenda kumshika mjukuu. Nilipanda zile ngazi nikamwambia jambo moja tu: baba, miguu yangu huvimba, nitafutie njia ambayo katikati nitapumzika. Nikamtajia Addis. Akakataa, eti Addis iko juu sana, baridi ya usiku itanipiga kifua. Istanbul, eti uwanja ni mkubwa nitatembea mpaka soli ziishe. Dubai, eti msongamano. "Mama, pita Doha. Kama saa sita tu kutoka Dar umefika. Unaingia launji, unaoga, unakula, unajilaza, ukiamka unapanda ya Houston." Na ya Houston yenyewe inapita saa 15 hewani, kwa hiyo nikaona kijana ana akili. Kulikuwa na tiketi ya kuunganisha haraka, niliiona kwa macho yangu kwenye kompyuta yake. Akaipitisha chap. "Hiyo hutafaidi launji, mama." Akanipa hii ya kukaa hapa usiku kucha.

Na akachukua laki na nusu ya launji. Taslimu. Akaniandikia karatasi: muhuri wa bluu wa mviringo, chini yake kwa mkono, "Launji Doha, imelipwa", na sahihi yenye mkia mpaka ukingoni. Nikaikunja nikaiweka ndani ya pasipoti, mahali pa heshima.

Pale nyumbani Terminal 3 nilijinyima hata soda. Jengo lile tangu lifunguliwe 2019 mimi ni msindikizaji tu, leo na mimi ni msafiri, nikakaa kwenye kiti cha chuma getini nikajiambia vumilia, raha iko mbele.

Nikafika mlangoni pa launji. Binti wa mapokezi nadhifu, lafudhi ya Mombasa kabisa, "Karibu mama." Nikampa pasi ya kupandia na ile karatasi. Akaisoma. Akaiinua kwenye taa. Akaigeuza. Nyuma ya karatasi, wakuu, ni hesabu ya vitenge ya lile duka la chini! Jora mbili, jora tatu, salio la mtu sijui nani. Akaandika jina langu kwenye kompyuta, akalirudia. "Mama, hapa huonekani."

Nikamwambia ngoja, mwenyewe yupo atathibitisha. Nikamwandikia. Akajibu kwa sauti. Nikaweka sauti ya nje ili binti asikie uthibitisho. Ndipo Doha nzima ikasikia: "Mama, kwani wewe na launji wapi na wapi? Kaa tu hapo nje, viti si vipo?" Na nyuma ya sauti yake kijiko kinagonga kikombe, ting ting ting. Anakoroga chai! Chai ya laki na nusu yangu!

Yule binti aliinamisha macho kwa aibu yangu. Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa kwetu anaenda Guangzhou, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimeusikiliza tena ule ujumbe sasa hivi. Anavyolivuta lile "wewe". Kwani weeewe. Nilichungulia ndani kabla mlango haujafungwa, kuna mwanamume kavua viatu kalala mdomo wazi, soksi imetoboka kidole gumba kiko nje. Yule na launji ni pahala pake, mimi ndiye wapi na wapi? Mimi niliyekaanga maandazi saa kumi alfajiri mpaka mtoto akawa nesi wa watu Marekani? Nauli yangu ilikuwa na kasoro gani? Noti zangu alizihesabu mara mbili kwa kulamba kidole, hakuuliza wapi na wapi.

Nataka laki na nusu yangu. Na nataka aniombe radhi kwa sauti, si kwa maandishi, na kijiko akiweke chini. Mlioliwa naye jitokezeni hapa, tumfuate wote kwenye zile ngazi.

Mzee wa Kitonga:

Miwani ya kahawia tu nikamjua. Huyo aliniuzia kiti cha dirishani kwa nyongeza ya elfu hamsini. Nimefika, kiti kiko ukutani kweli, ila dirisha hakuna. Ukuta mtupu mpaka Mumbai. Nikamuuliza, akasema "mzee, nje usiku ungeona nini?"

Chuma Ulete:

Hahaha mbavu zangu. Mama umebeba hesabu ya vitenge mpaka Uarabuni kwenda kudai kuoga. Binti angekufungulia angekudai salio la jora tatu.

Mama Wawili Segerea:

Chuma Ulete cheka tu, siku ukiambiwa "wewe" na mtu anayekoroga chai utanikumbuka. Ting ting ting. Bado nalisikia.

Sabuni ya Mche:

Uzi bila picha hii ni chai. Weka picha ya karatasi, pande zote mbili.

Fundi Tiketi:

Shikamoo mama, pole sana. Wakuu mjue namna launji inavyofanya kazi ili msiliwe. Mlango unafunguka hasa kwa njia nne: daraja la tiketi yako, ngazi ya uanachama wako kwa shirika la ndege au kwa muungano wake wa mashirika, kadi za uanachama wa launji za aina ya Priority Pass, au kulipia. Ukilipia mapema unapata uthibitisho wenye namba, jina na tarehe. Karatasi ya muhuri wa Kariakoo haimo. Tena hata ukilipia, launji nyingi hukuruhusu kama saa tatu tu, kwa hiyo "unajilaza usiku kucha" ilikuwa uongo tangu mwanzo. Na msidhani daraja la biashara ndiyo tayari: Qatar wana tiketi ya biashara ya bei ya chini, Lite, hiyo launji haimo. Soma tiketi kabla hujavaa suti.

Mama, hapo Hamad kuna vyumba vya utulivu vya bure, wanawake chumba chao, viti vya kujilaza. Fuata alama, usikae sakafuni.

Mama Wawili Segerea:

Marahaba mwanangu, Mungu akuweke. Nimekiona, nimeinua miguu. Lakini hakika hata kama miguu imepungua, mimi moyo haujapungua. Muungano wa mashirika sikuuliza. Nimeuliza kwa nini mtu aliyenilia maandazi yangu aniambie wapi na wapi mbele ya watu.

Binti Mzizima:

Pole mama. Ila kwa Addis alikudanganya nusu tu. Uwanja uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mimi niliuingia usiku na dera na kandambili za Kariakoo, nilitetemeka mpaka mzungu mmoja akanipa sweta yake. Lakini Ethiopian wana utaratibu, tranziti, yaani kusubiri ndege ya kuunganisha, ikifika urefu wa saa nane na kuendelea, na hakuna ndege ya mapema, wanakupa hoteli. Kitanda na chakula! Kwa hiyo alikutoa kwenye kitanda cha bure akakuuzia mlango.

Mama Wawili Segerea:

ALINITOA KWENYE KITANDA CHA BURE?? Halafu wapi na wapi??

Nahodha wa Nchi Kavu:

Mnabishana Doha na Addis, hamjaipata Dubai. Mwaka 2024 umepitisha abiria milioni 92 ule uwanja. Terminal 3 yetu imejengwa kwa abiria milioni 6 kwa mwaka tunaiona kubwa. Pale Dubai choo tu nilipanga foleni nikapata rafiki, tunasalimiana mpaka leo. Mimi kwangu kigezo ni kimoja, kituo cha kuunganisha kiwe na foleni fupi ya kukaguliwa mara ya pili. Launji baadaye.

Mchina wa Msimbazi:

Mama shikamoo. Mimi ndiye kijana uliyekuwa nyuma yako. Naapa sikukucheka wewe. Nilicheka zile jora.

Mama Wawili Segerea:

Marahaba. Ulishika ukuta, mwanangu. Nilikuona.

Sabuni ya Mche:

Huyu naye ni chai. Thibitisha, mama alivaa nini?

Mchina wa Msimbazi:

Dera la zambarau, mtandio mweupe, mkoba wa ukili. Na kweli ile sauti ilisikika mpaka kwenye duka la manukato. Hata Mfilipino mmoja aligeuka.

Mtoto wa Temeke Mwisho:

Nyie mnalilia launji, mdogo wangu hata ndege hakupanda. Anaenda Ufaransa, wakala (siyo huyo, mwingine, ila nadhani ni ndugu) akampitisha Nairobi halafu Heathrow, London. Viza ya Schengen ya matembezi anayo. Kaunta wakamwambia pasipoti ya Tanzania inahitaji viza ya kupita Uingereza hata kama hutoki nje ya uwanja. Tulikuwa ukoo mzima pale Terminal 3, tumeshapiga picha, bibi ameshaomba dua. Tukarudi naye Temeke kwenye Noah ileile. Pilau ya kumuaga ilikuwa haijapoa.

Fundi Tiketi:

Ni kweli hiyo. Mwenye viza ya Marekani, kama mama hapa, husamehewa ile ya kupita. Schengen ya matembezi haisaidii. Ndiyo maana nawaambia, kabla ya kuuliza launji ina nini, uliza nchi ya kupitia inakutaka nini.

Chuma Ulete:

Bibi ameshaomba dua halafu mjukuu anarudi kula pilau. Nimekoma.

Mama Wawili Segerea:

Jamani pole kwa mtoto. Lakini tusihame. Mzee wa Kitonga, wewe alikuita mzee kwa heshima au na wewe alilivuta? Mimi alilivuta. Weeewe.

Kiboko ya Foleni:

Tatizo kubwa kuliko yote ni kufika huo uwanja. Niliondoka Mbezi mapema kabisa, pale TAZARA juu ya flaiova ya Mfugale nikapumua, nikajua nimewahi. Kushuka tu Barabara ya Nyerere, magari yamelala. Dereva akazima injini akaanza kula mahindi ya kuchoma. Ndege yangu ikanipita juu ya kichwa, nimeiona kabisa tumbo lake.

Nahodha wa Nchi Kavu:

Ulijuaje ni ya kwako?

Kiboko ya Foleni:

Rangi yake nilikuwa naifahamu. Na moyo uliniambia.

Shangazi Tarumbeta:

Mimi sina shida na foleni, nina shida na mzani. Nyumbani nimepima kwa mzani wa muuza nyanya, kilo 23 kamili. Pale kaunta 27. Nikafungua begi mbele za watu, ikabidi nitoe dagaa wa mwanangu. Kifuko kikapasuka. Foleni nzima walihamia kaunta ya pili.

Binti Mzizima:

Shangazi ulikuwa umebeba dagaa gani?

Shangazi Tarumbeta:

Wa Mwanza.

Mzee wa Kitonga:

Hapo ndipo ulipokosea. Safari ya ndege unabeba dagaa wa Kigoma, wakikaushwa vizuri hawana mchanga, hawana harufu ya kukimbiza watu.

Mtoto wa Temeke Mwisho:

Mzee acha ukabila wa samaki. Wa Mwanza ukiwapitisha maji ya moto, ukawaanika tena siku ya jua kali, ukawakaanga na ndimu, unafika nao popote.

Mzee wa Kitonga:

Ukiwapitisha maji ya moto umeua ladha. Huo ni mchanga wa Ziwa Victoria unakula, siyo dagaa.

Mama Wawili Segerea:

Wanangu, huyu bwana ameona uzi. Kanitumia ujumbe mwingine wa sauti. Kabla hajasema neno, kijiko kipo. KIPO! Eti "mama, mambo ya biashara hayapelekwi mtandaoni." Laki na nusu hajaitaja. Nani yuko Kariakoo saa hizi?

Chuma Ulete:

Mzee wa Kitonga umesema mchanga? Mkeo anapika wapi, ufukweni Coco?

Shangazi Tarumbeta:

Kwa hiyo wa Kigoma kwa hapa mjini wanapatikana wapi wale wasafi? Nasafiri mwezi ujao. Mwenye namba ya muuzaji wa jumla Tandika au Feri anitumie inboksi, na aniambie kilo ni shilingi ngapi kabla sijapanda daladala.